Laini nne kwenye ofisi ndogo ya Kigoma: tathmini ya simu za mezani za laini, uhamishaji wa simu na mtambo wa ndani

Tathmini hii inahusu namna ya kuiwekea ofisi ndogo laini kadhaa za simu bila kuingia gharama ambazo biashara yenyewe haiwezi kuzibeba. Ofisi ninayoitolea mfano ni yetu, inayouza dagaa na mawese kwa jumla: ina meza tatu eneo la Mwanga, mjini Kigoma, na stoo yenye mzani Kibirizi, ambako mitumbwi hushusha mzigo. Wateja wetu wako Tabora, Kahama, Mwanza na Dar es Salaam, na wachache hununua kwa ajili ya kupitisha Manyovu kwenda Burundi. Karibu wote hukubaliana bei kwa simu kwanza, na mzigo hufuata baadaye kwa treni au kwa lori. Kwa hiyo simu isiyopokelewa kwetu huwa ni mzigo uliouzwa na jirani.

Vifaa tulivyovitumia ni simu mbili za mezani zinazochukua laini za kawaida za simu ya mkononi, vitochi viwili (simu ndogo za vitufe), simu janja moja yenye WhatsApp Business na, kwa kipindi kifupi, mtambo mdogo wa kugawa simu ambao muuzaji alituazima ili tuujaribu. Kwa msomaji mwenye haraka, hukumu yangu ni kwamba simu za mezani pamoja na huduma ya kuhamisha simu, ambayo tayari imo ndani ya kila laini, zinaitosha biashara yenye watu wasiozidi watano au sita. Mtambo unamfaa mwenye vyumba vingi, na kwa wengine ni samani ya gharama.

Kabla ya kununua chochote ni lazima kukubaliana juu ya kinachohesabiwa. Wafanyabiashara wengi hapa mjini huandika namba mbili au tatu kwenye bango, na namba hizo zote zimo ndani ya simu moja ya laini mbili, au simu mbili, zilizo mfukoni mwa mwenye duka. Simu za laini mbili, kwa sehemu kubwa, zina redio moja tu: laini zote husubiri kwa zamu, lakini mara mazungumzo yanapoanza kwenye laini ya kwanza, laini ya pili hutoka hewani, na anayeipigia huambiwa kuwa namba haipatikani. Mteja wa Tabora anayesikia maneno hayo hajui kuwa unazungumza na mwingine. Anadhani umezima simu, au umepanda boti kwenda Kalya, naye anatafuta muuzaji mwingine. Kipimo sahihi basi ni idadi ya mazungumzo yanayoweza kwenda kwa wakati mmoja, na kwa kipimo hicho bango lenye namba tatu linaweza kuwa la ofisi yenye laini moja.

Kwetu kipimo hicho hubadilika kwa kufuata mwezi wa angani. Dagaa wa Ziwa Tanganyika huvuliwa usiku kwa taa, na taa huwavuta vizuri wakati wa giza; mbalamwezi inapokuwa kali uvuvi hupungua na wavuvi wengi hupumzika. Katika siku za giza mitumbwi hurudi alfajiri, bei ya siku hujulikana Kibirizi kabla jua halijapanda, na kuanzia hapo hadi saa nne wateja wote hutaka kujua jambo lile lile kwa wakati mmoja. Katika siku za mbalamwezi simu moja ingetosha. Anayepanga idadi ya laini kwa kuangalia wastani wa mwezi mzima hujikuta na laini pungufu siku za mauzo na laini za ziada siku za kukaa. Sisi tulihesabu saa zile za asubuhi peke yake, tukafika kwenye mazungumzo manne kwa wakati mmoja: mawili ya ofisini, jingine la stoo, na jingine la kijana anayefuatilia mzigo stesheni.

Simu ya mezani ya laini ndiyo iliyobeba kazi, kwa hiyo nitaieleza kwa kirefu. Kwa sura ni simu ya ofisi ya zamani, yenye mkono wa kunyanyua na vitufe vikubwa, ila chini ya betri kuna nafasi ya laini na nyuma kuna antena fupi. Haihitaji waya wa simu wala fundi: unaweka laini, unachomeka chaja, na baada ya muda mfupi inapokea simu kama kitochi kingine chochote. Bei yake madukani hulingana na ya vitochi viwili au vitatu, na kwa fedha hiyo ya ziada unapata vitu ambavyo kitochi hakina. Kubwa kuliko yote ni kwamba haiondoki mezani. Namba ya ofisi inayokaa mfukoni mwa mtu huenda naye kula mchana, huenda naye msibani na hulala naye nyumbani Ujiji, ilhali namba inayokaa mezani hupokelewa na yeyote aliyepo. Faida nyingine ni antena. Ofisi yetu ina kuta nene na paa la bati, na kwenye chumba cha nyuma kitochi hushika mawimbi kwa kusuasua. Simu ya mezani, ikiwekwa mahali palepale, hushika bila taabu. Zaidi ya hayo ina betri ya ndani. Tangu mkoa uunganishwe na gridi ya taifa umeme umetulia kuliko enzi za jenereta za mafuta, lakini haujaacha kukatika, na simu inayoendelea kuita gizani ina thamani yake.

Kasoro zake zinafahamika, na muuzaji hatazitaja asipoulizwa. Nyingi zinazouzwa kwa bei ya chini ni za 2G pekee. Kwa sasa zinafanya kazi bila tatizo, lakini nchi kadhaa duniani zimekwisha kuzima mitandao ya 2G, na anayenunua simu ya kukaa nayo miaka mingi ni bora aongeze fedha achukue ya 4G yenye uwezo wa kupiga simu kupitia 4G, maana ziko zinazoandikwa 4G kwenye boksi lakini hutumia 4G kwa intaneti tu na kurudi 2G wakati wa mazungumzo. Nafasi ya laini katika simu hizo mara nyingi ni ya ukubwa wa kadi ya zamani, wakati laini za siku hizi hukatwa ndogo. Kadi ndogo inayokaa ndani ya fremu yake ya plastiki hucheza, na simu ikigongwa kidogo hupoteza mtandao bila kumwambia mtu. Njia salama ni kuomba kwa wakala kadi ambayo haijakatwa. Spika yake hurudisha mwangwi kwenye chumba kitupu. Halafu wino wa vitufe hufutika: baada ya muda kijana wetu wa mapokezi alikuwa akipiga kwa kukumbuka mahali namba zilipo.

Kabla ya kulipa, bonyeza *#06# hapohapo dukani na ulinganishe namba ya IMEI inayotokea, yaani namba ya utambulisho wa simu yenyewe, na ile iliyoandikwa chini ya betri. Wanaokumbuka Juni 2016, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) ilipozima simu bandia kwa kufuata IMEI zake, hawahitaji kuelezwa sababu. Simu ya mezani nayo ni simu, na ina IMEI yake.

Sasa nifike kwenye sehemu ambayo haina bei ya dukani, nayo ndiyo iliyotupa thamani kubwa kuliko vifaa vyote. Kila laini ya mtandao wa simu za mkononi inaweza kuagizwa ihamishie simu kwenye namba nyingine kwa masharti maalumu, na maagizo yenyewe ni tarakimu zinazopigwa kama namba ya simu. Ukipiga **67*, ukafuatisha namba ya pili na alama ya #, simu zitahamia kwenye namba hiyo kila laini yako inapokuwa inatumika. Ukitumia **61* badala yake, zitahamia pale ambapo hakuna aliyepokea, na unaweza kuongeza muda wa kusubiri: **61*, namba, kisha **20#, maana yake isubiri sekunde 20 kwanza, na muda unaokubalika ni kati ya sekunde 5 na 30 kwa hatua za tano tano. **62* ni kwa ajili ya laini iliyozimwa au iliyo nje ya mtandao. **21* huhamisha kila simu bila sharti, na hiyo itumike kwa uangalifu, kwa sababu mtu akiisahau simu ya mezani hukaa kimya siku nzima huku mwenyewe akidhani biashara imekufa. Kufuta maagizo yote ni ##002#. Hayo ni maagizo ya GSM, kiwango cha kimataifa cha simu za mkononi, si ya kampuni moja, na ndiyo maana hufanya kazi hata kwenye kitochi.

Kwa maagizo hayo ofisi ndogo hupata kitu ambacho zamani kilihitaji mtambo: mteja hupewa namba moja tu, na simu yake hutafuta mezani hadi impate aliye huru. Namba yetu ya bangoni iko kwenye simu ya kwanza ya mezani. Ikiwa inatumika, simu huhamia ya pili. Ya pili nayo ikiwa inatumika, huhamia kitochi cha stoo Kibirizi, na hapo ndipo mnyororo unapoishia. Usiurudishe mwanzo kwa kudhani kuwa utazunguka mpaka apatikane mtu. Mitandao huweka kikomo cha idadi ya kuhamishwa, na simu iliyofika kikomo hukatika. Kitochi cha kijana wa stesheni hakimo kwenye mnyororo, kwa sababu asiyejua bei ya siku hapaswi kupokea swali la bei.

Kuna kikwazo kimoja ambacho huwakatisha watu tamaa na kuwafanya waseme huduma hii haifanyi kazi. Laini nyingi huja zikiwa na huduma ya simu ya kusubiri, ile inayotoa mlio sikioni wakati unazungumza na mwingine. Ikiwa imewashwa, mtandao hauhesabu kuwa laini yako inatumika. Mtandao humleta mpigaji wa pili kwako, naye anasikia simu ikiita tu. Ili agizo la **67* lifanye kazi papo hapo ni lazima kuizima huduma hiyo kwa #43#. Tulipofanya hivyo kwenye simu zote mbili za mezani, malalamiko ya wateja kwamba simu inaita bila kupokelewa yalikoma. Mama mmoja anayechukua mzigo wetu Kahama, ambaye alikuwa na desturi ya kutupigia namba zote kwa zamu, siku hizi huanza kwa kusema, "Leo mmenipokea upesi, baba, au dagaa hakuna?"

Gharama ya kuhamisha hulipwa na anayehamisha. Mteja hulipia kukupigia wewe, na kipande cha kutoka kwako hadi namba ya pili kinakatwa kwenye salio la laini yako, kwa hiyo laini iliyoishiwa salio haihamishi kitu. Hapa mitandao haifanani: upo unaoruhusu dakika za kifurushi zitumike kwenye simu iliyohamishwa, na upo unaokata salio la kawaida hata kama dakika za kifurushi zimejaa. Uliza kabla ya kujiunga, kisha jaribu mwenyewe kwa simu fupi na uangalie salio. Sisi tuliziweka laini zote za mnyororo kwenye mtandao mmoja, ambako dakika za ndani ya mtandao ndizo za bei nafuu kuliko zote, na gharama ya kuhamisha ikawa ndogo kiasi cha kutohesabiwa.

Wapo watakaopinga uamuzi wa kutumia mtandao mmoja, kwa kuwa desturi ya zamani ilikuwa kila duka kuwa na laini ya kila kampuni ili mteja apige kwa bei ya mtandao wake. Desturi hiyo ilikuwa na sababu wakati wake. Kampuni zililipana fedha nyingi kwa kila dakika iliyovuka kutoka mtandao mmoja kwenda mwingine, na mzigo huo ukamwangukia mpigaji. Lakini TCRA imekuwa ikishusha kiwango hicho cha mwingiliano mwaka hadi mwaka, kutoka shilingi 15.6 kwa dakika mwaka 2018 hadi shilingi 2 mwaka 2022, na ndiyo sababu vifurushi vya mitandao yote vimekuwa vya kawaida. Kwa hiyo laini nne za kampuni nne tofauti kwenye bango la leo hazimpunguzii mteja chochote kikubwa. Zinamwongezea kazi ya kuchagua. Laini moja ya mtandao mwingine nashauri iwepo, ila kwa sababu tofauti kabisa: mnara ukizimika, ofisi nzima isizimike nao. Kwetu kazi hiyo inafanywa na kitochi cha stesheni. Na kama mtandao uliouchagua utakuchosha, tangu Machi 2017 inawezekana kuhamia mwingine bila kubadili namba, jambo ambalo mwenye bango lililochorwa kwa rangi ukutani atalithamini.

Jambo linalostahili uangalifu kuliko vifaa ni jina la usajili. Tangu usajili wa laini kwa alama za vidole na namba ya NIDA ulipokamilishwa na laini zisizosajiliwa kuanza kuzimwa Januari 2020, laini ni ya yule ambaye kidole chake kilibonyezwa. Katika ofisi ndogo ni rahisi kumtuma kijana wa stoo akasajili laini mpya kwa kitambulisho chake, kwa kuwa wakala yuko karibu na bosi ana kazi. Kijana huyo akiondoka, namba inaondoka naye kihalali, hata kama wewe ndiye uliyeinunua na kuichapisha kwenye magunia. Namfahamu mfanyabiashara wa mawese ambaye namba yake ya miaka mingi iliishia kuuza mawese ya mtu mwingine kwa wateja wale wale, na hakuwa na pa kulalamikia. Biashara yenye TIN, leseni na usajili wa BRELA inaweza kusajili laini kwa jina la biashara kupitia mwakilishi wake, na inafaa kufanya hivyo kwenye duka la kampuni ya simu badala ya kwa wakala wa mwavuli. Aliyekwisha kusajili kwa jina lake mwenyewe apige *106# ili aone laini zilizo chini ya kitambulisho chake. Wengi hukuta ambazo hawazitambui, na hizo zifungwe mara moja.

Laini ya kupokelea fedha tuliitenga kabisa. Haipokei simu za biashara, haimo kwenye mnyororo, na simu yake hukaa kwa mhasibu. Katika ofisi yenye laini nyingi, meseji ya "ile pesa tuma kwenye namba hii" hupata mahali pa kujificha, kwa sababu mfanyakazi wa meza ya pili hawezi kujua kama kweli wa meza ya kwanza aliahidi kitu. Kanuni yetu ni kwamba malipo yanathibitishwa na mhasibu peke yake, na wateja wanalipa kwa Lipa Namba yenye jina la biashara, ambalo huliona kabla ya kuthibitisha. Meseji za kitapeli tunazipeleka 15040.

WhatsApp Business, iliyoanza mwaka 2018, inastahili alama za juu kwa sehemu moja na za chini kwa nyingine. Namba moja inaweza kuunganishwa na vifaa vingine hadi vinne, hivyo kompyuta ya ofisini, simu janja ya mtu wa stoo na simu yangu zote huona ujumbe wa wateja chini ya namba ile ile ya bangoni. Laini yenyewe inaweza kuendelea kukaa kwenye simu ya mezani, kwa kuwa WhatsApp huihitaji wakati wa kuthibitisha tu; ila simu kuu yenye programu isipofunguliwa kwa zaidi ya siku 14, vifaa vilivyounganishwa hutolewa. Majibu ya haraka yametusaidia sana: bei ya asubuhi huandikwa mara moja na mtu wa Kibirizi, pamoja na picha ya dagaa wakiwa kwenye vichanja, na wa mezani huituma kwa kubonyeza alama moja. Lebo za "ameagiza", "amelipa" na "mzigo umepakiwa" zimepunguza simu za kuulizia mzigo kuliko tulivyotarajia. Udhaifu wake ni kwamba vifaa vitano vinapojibu mteja mmoja, wawili hujibu kwa pamoja na bei mbili tofauti, na programu kama tulivyoitumia haikutupa njia ya kumpangia mtu mmoja mazungumzo. Tulilazimika kugawana wateja kwa mikoa. Kwa sauti za simu za WhatsApp sina sifa za kutoa. Mteja aliye kwenye treni kati ya Uvinza na Kaliua hasikiki.

Nije kwenye mtambo. Tulioazimwa ni Panasonic KX-TES824, ambao ndio unaokutana nao mara nyingi kwenye maduka ya vifaa vilivyotumika, hoteli na shule. Unapokea laini tatu za nje na kuzigawa kwa simu nane za ndani, na kwa kuongeza kadi hufikia laini nane na simu 24. Ni kifaa cha kuaminika: fundi akishaupanga hauguswi tena. Simu za ndani kwa ndani hazina gharama, simu inaweza kuhamishwa kutoka meza hadi meza mteja akiwa bado anasubiri, na mwenye ofisi anaweza kuzuia meza fulani isipige nje. Hilo la kuhamisha mteja katikati ya mazungumzo ndilo jambo pekee ambalo mnyororo wetu wa laini hauwezi, na nalitamani.

Lakini hesabu yake haikai sawa kwa ofisi ya meza tatu. Mtambo huo ulitengenezwa kwa ajili ya laini za waya, kwa hiyo kila laini ya simu ya mkononi inahitaji kifaa chake kidogo cha kati, chenye nafasi ya laini upande mmoja na tundu la waya wa simu upande mwingine. Laini tatu ni vifaa vitatu, kila kimoja na chaja yake. Kuna nyaya za kuvuta ukutani, kuna fundi wa kulipwa, na kuna betri ya akiba ya kununua, kwa sababu umeme ukikatika simu za mezani za laini huendelea na mtambo hunyamaza. Halafu stoo ya Kibirizi, ambayo ndiyo tunayozungumza nayo zaidi asubuhi, ipo mbali na waya wowote. Panasonic yenyewe imekwisha kujitoa kwenye biashara ya mitambo ya aina hii, hivyo anayenunua leo ananunua kifaa ambacho vipuri vyake vitazidi kuadimika. Nyumba ya wageni yenye vyumba kumi na mapokezi, au zahanati, ingenufaika nao, sisi tuliurudisha.

Ipo njia ya tatu, ya mtambo usio na mtambo, nayo niieleze kwa kuwa vijana wa kompyuta mjini huipigia debe sana. Mwaka 1999 kijana Mmarekani aliyeitwa Mark Spencer alikuwa na kampuni ndogo na hakuweza kumudu bei ya mtambo wa simu, akaandika programu ya kufanya kazi hiyo ndani ya kompyuta ya kawaida. Programu hiyo, Asterisk, hutolewa bure hadi leo, na hukaa hata kwenye kompyuta ndogo ya Raspberry Pi inayotoshea kiganjani. Simu janja za wafanyakazi huwa ndizo simu za ndani, kupitia Wi-Fi au bando, na hivyo Kibirizi na Mwanga huwa ofisi moja. Mahitaji yake ya intaneti ni madogo kuliko watu wanavyodhani: mazungumzo moja kwa ubora wa kawaida hutumia takribani kilobiti 87 kwa sekunde kila upande, na kwa G.729, njia ya kuibana sauti, takribani 31. Tatizo ni uthabiti. Sauti ikichelewa zaidi ya milisekunde 150 watu huanza kukatizana, na kwenye intaneti ya router ya laini wakati wa jioni ucheleweshaji huo hupitwa mara nyingi. Mwenye faiba (intaneti ya waya) ya TTCL, shirika la simu la taifa, ofisini ana hali bora zaidi. Pia mtambo huo ukiachwa wazi kwenye intaneti na nywila dhaifu, wezi wa simu za kimataifa huutafuta usiku na kupiga kwa gharama yako. Bila mtu anayeuelewa wa kuuangalia, siupendekezi.

Na ukishauriwa kununua boksi moja la kuingiza laini nane au 16 kwa pamoja, fikiria mara mbili kabla ya kuliagiza kwa njia ya posta. Maboksi ya aina hiyo ndiyo yanayotumiwa na wanaoingiza simu za kimataifa nchini kwa njia za panya, kosa ambalo watu wameshafikishwa mahakamani kwalo. Kifaa chenyewe kinaweza kuwa na matumizi halali, lakini kiwe kimeidhinishwa na TCRA, na laini zote ziwe na usajili wa biashara unaoeleweka.

Simu ya waya ya TTCL, yenye namba inayoanza na 028 kwa Kigoma na 026 kwa Tabora, nitaitaja kwa ufupi. Taasisi za serikali na mabenki huiheshimu kwenye karatasi za zabuni, na kwa anayeweza kuipata pamoja na faiba haiongezi mzigo mkubwa. Wateja wa dagaa hawajawahi kutuuliza.

Faida ya mwisho ya mpango huu tuliiona Mei 2024, uvuvi katika Ziwa Tanganyika uliposimamishwa kwa miezi mitatu, kuanzia tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti. Kwa kuwa hatukuwa na mkataba wa kulipia mtambo wala laini za mwezi, vifurushi vilisimama siku ile ile na kubaki kimoja cha mawese. Jambo la kuangalia katika kipindi kama hicho ni kwamba laini isiyotumika kwa muda mrefu hufungwa, na namba yake hupewa mtu mwingine. Kwa hiyo mara kwa mara, kijana wa mapokezi huweka vocha ndogo kwenye kila laini, hupiga simu moja kutoka kila meza kwenda Kibirizi, kisha huifungua simu kuu ya WhatsApp kabla siku zake 14 hazijaisha.